Kaka yangu, pombe, na mbwa wa mama

Jeki alikuwa anajua kabla yetu. Kaka akiwa bado yuko kule chini mtoni, sisi hatujasikia chochote, Jeki anainuka pale mlangoni alipolala, anashusha mkia, anapita nyuma ya jiko na kuingia chini ya stoo ya mahindi. Mama akishaona hivo anatoa sufuria ya chakula mezani anaificha, anafunga chumba chake, anazima taa. Inapita kama robo saa ndo tunasikia kikohozi na mtu anaongea peke yake kwenye migomba. Yaani mbwa ndo alikuwa saa yetu ya kujua leo kaka amekunywa au hajanywa, maana siku ambayo hajanywa Jeki alikuwa anakimbia kumpokea mpaka njiani, anaruka ruka, anamlamba mikono.

Nyumbani ni Moshi vijijini, huku juu kwenye kahawa na migomba. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye kwao kuna mlevi na kuna mbwa, na kila akifungua mdomo kuhusu mbwa anaambiwa acha ujinga, binadamu anateketea wewe unaongelea mbwa. Nimeambiwa hivo na shangazi, na wajomba, na watu wa kanisani. Mi nawapenda wote wawili, kaka na mbwa, na nimejifunza kwa kuumia kwamba hayo si mambo mawili tofauti.

Baba alifariki 2014. Kaka alikuwa dereva wa malori, 2015 akaachishwa kazi akarudi nyumbani, akawa anakunywa vile viroba vya mfukoni, unavikuta kwenye soksi, kwenye viatu, ndani ya godoro, hata kwenye pipa la pumba za kuku. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017 mama alitoa sadaka ya shukrani, tukajua yameisha. Hayakuisha, alihamia kwenye gongo, ambayo ni haramu lakini kila mtu kijijini anajua inapouzwa, na mbege, ambayo kwetu si siri, hakuna harusi wala msiba bila mbege.

Na mbege ndo ilianza kutuumiza, hata kabla ya hiyo marufuku. Desemba 2016, si mnajua Desemba Wachaga tunapanda nyumbani wote, mji umejaa, ndafu, watoto wa Dar wanakimbia huku na huku. Popi, mbwa wetu jike, alikuwa amezaa, tukabaki na mtoto mmoja tunamwita Kashata, alikuwa na kama miezi miwili. Sasa mbege inatengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kuweka ule uchungu, na machicha yanayobaki yananukia utamu utamu hivi, mbwa anayaona kama uji. Baba mdogo akiwa ameshalewa akamwekea Kashata machicha kwenye sahani, akamwongezea na mbege yenyewe. Kashata akanywa yote. Akaanza kuyumba, watoto wakacheka, watu wazima wakacheka, na mimi nilikuwepo nikacheka. Hilo siwezi kulificha.

Saa tatu usiku akawa anatapika, mwili umepoa, hainui kichwa. Tukamnywesha maziwa kwa nguvu maana ndo tunavyojua, maziwa yanakata sumu. Alfajiri alikuwa amekufa.

Baadae nilimuuliza daktari wa mifugo akanielewesha taratibu. Pombe inaingia haraka sana kwenye damu ya mbwa, inashusha sukari, inashusha joto la mwili, inapunguza hata kupumua, na mtoto wa mbwa wa kilo mbili kiasi ambacho wewe unaona ni tone kwake ni mzigo. Na machicha bado yana kilevi, yakiwa hayajamaliza kuchacha ndo mabaya zaidi. Yale maziwa ya kulazimisha pia ni hatari, mnyama aliyelegea hawezi kumeza vizuri, yanaweza kwenda kwenye mapafu. Wala usimlazimishe kutapika. Mfunike apate joto, mlaze kwa ubavu, mkimbize kwa daktari wa mifugo usiku huohuo, usisubiri kukuche.

Baba mdogo alipoambiwa asubuhi alikaa kwenye gogo akashika kichwa, akasema sikujua mwanangu, kweli sikujua. Nilimwamini, na hata saivi namwamini. Toka siku hiyo kila Desemba, asubuhi na mapema kabla pipa halijafunguliwa, naongea na kila mtu mzima aliyepo, na watoto nawaita pembeni, nawaambia mbwa hapewi mbege, hapewi machicha, na machicha yote yanaenda kwenye shimo lenye mfuniko. Naongea asubuhi kwa sababu jioni hakuna wa kuongea naye. Hilo nadhani lilinichukua miaka mingi kulielewa, yaani nilikuwa napoteza nguvu zangu zote kubishana na mtu saa nne usiku, mtu ambaye kesho hatakumbuka hata neno moja.

2017 mwishoni nilifanya kosa lingine kubwa. Nilikuta dumu la gongo nyuma ya choo, lita tano, nikalimwaga lote mbele yake. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Hakunigusa mimi, hakumgusa mama. Aligeuka akampiga Popi teke lililomvunja mguu wa nyuma, Popi ambaye alikuwa amelala tu pale kwenye jua hana habari. Mpaka leo anachechemea.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Kwenye nyumba yenye mlevi hasira inashuka, inatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, inatafuta asiyeweza kujibu, na mbwa ndo wa mwisho kabisa kule chini. Kwaiyo kila vita niliyoianzisha mimi na kaka, ya kumfichia chupa, ya kumsema mbele za watu, ya kumnyang'anya simu, aliyelipa alikuwa Popi au Jeki. Sisemi kosa ni la aliyemwaga pombe, teke alipiga yeye na lilikuwa lake. Nasema tu mimi niliacha kumwaga pombe ya mtu mbwa wakiwa wako wazi uani.

Halafu ikaja ile usiku ya Agosti 2018. Mama alikuwa amefunga geti. Huku kwetu mara nyingi mbwa mchana wanafungiwa bandani, usiku wanafunguliwa walinde, na mlevi naye muda wake ni huohuo wa usiku, hapo ndo shida yote ilipo na sikuwahi kuiwaza kabla. Saa nane usiku kaka karuka ukuta upande wa zizi, giza, anayumba, ananuka gongo na matope, Jeki akamkamata kwenye shavu la mguu. Watu wakasema mbwa gani anamng'ata mwenye nyumba, huyo ameshaharibika. Lakini mbwa anamjua mtu kwa harufu na kwa mwendo na kwa sauti, na usiku ule vyote vitatu vilikuwa vimebadilika. Jeki hakumng'ata kaka. Alimng'ata mtu anayeruka ukuta usiku.

Majirani walikuja na fimbo na panga, wanataka kumuua Jeki palepale. Na aliyemtetea, aisee nalia hata nikiandika, ni kaka mwenyewe, amekaa chini damu inamtoka anasema msimuue, mi ndo nimeruka ukuta.

Cha kwanza tulichofanya sawa ni kidonda, mama alikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, hilo alilisikia redioni kwenye tangazo la kichaa cha mbwa na akalishika. Cha pili ni kutomuua mbwa, kwa sababu mbwa aliyeng'ata anatakiwa afungwe aangaliwe siku kumi, akiwa mzima baada ya hizo siku basi hakuwa na kichaa wakati anang'ata. Ukimuua na kumtupa umepoteza jibu. Tulichokosea ni kadi, nilipoitoa kadi ya chanjo ya Jeki nikakuta imepita miezi minne, nilikuwa nimesema nitampeleka nikipanda nyumbani nikawa nasogeza mbele. Kwaiyo kaka alianza sindano, sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na kumfikisha mlevi hospitali kwa siku iliyopangwa ni kazi ambayo siiombei mtu yeyote, mama alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kumwahi kabla hajatoka. Ugonjwa wa kichaa ukishaanza kuonyesha dalili haupo tena mikononi mwa daktari, kwaiyo hapakuwa na kuzembea.

Toka hapo kadi za mbwa wote nimezipiga picha ziko kwenye simu yangu na ya mama, na nimeweka alamu. Sehemu nyingi kampeni za chanjo zinafanyika karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako. Nyumbani kwenye mlevi chanjo ya mbwa si ya kuahirisha, maana uwezekano wa mtu kung'atwa ni mkubwa kuliko kwa jirani, na siku likitokea ile kadi ndo itakayomtetea mbwa mbele ya watu wenye panga.

2019 akamuuza Jeki. Ilikuwa asubuhi, hajanywa bado, mikono inatetemeka. Akamfunga kamba, Jeki akamfuata anatikisa mkia. Mama aliona akajua wanaenda kutembea, akafurahi. Alimuuza kwa shilingi elfu 15 kwa watu wanaochoma matofali barabara ya chini. Ilituchukua siku tatu kujua, nilimkomboa kwa elfu 30 na nikaona nimepewa bure. Kilichoniuma si hela, ni ule mkia. Mbwa anampenda kaka wa asubuhi kwa moyo wote, kaka wa usiku anamkimbilia chini ya stoo, na hajui asubuhi ipi ni ya kweli. Na sisi tulikuwa vilevile, ukiangalia.

Baada ya hapo nilienda kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikawaonyesha picha za mbwa na kadi zenye jina la mama, nikasema mbwa hawa ni wa mama, yeyote atakayeuziwa ajue ameuziwa cha mama. Nilidhani watanicheka lakini hawakucheka. Mwenyekiti alisema hata kwake bati zimeuzwa hivohivo.

Sasa fensi. Hii naomba nieleze vizuri kwa sababu ndo iliyobadilisha maisha nyumbani kuliko maombi yote na vikao vyote vya ukoo.

Nilikuwa nimemwambia mama amfukuze kaka. Mama akanijibu, simfukuzi mwanangu kwa ajili ya mbwa. Niligombana naye, nikakaa mwezi sijapiga simu, na nilikosea. Yeye ni mama, kuna kitu anakiona pale mimi sikioni. Niliporudi nikamwambia basi mama tusimfukuze mtu, tugawe uwanja. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kimekaa kwenye mteremko, nyumba ya mama iko juu, chini kuna chumba cha matofali alichoanza baba kukijenga cha kupangisha. Tukakimalizia bati na mlango. Tukakata njia yake kutokea barabara ya chini ili kaka asipite tena uani kwa mama usiku. Katikati tukaweka fensi ya wavu wa seng'enge, nguzo za mikaratusi alitupa jirani, na kigeti cha mbao chenye kufuli upande wa mama. Na taa moja ya sola pale kwenye njia ya chini, ili mtu akija anaonekana na yeye anaona anapokanyaga. Ilinigharimu kama mshahara wa mwezi na nusu, nililipa kidogo kidogo.

Utaratibu ni kwamba jioni saa kumi na mbili kabla hajarudi, mbwa wanakula, kigeti kinafungwa, wanafunguliwa upande wa juu tu. Funguo ana mama na kijana wa jirani anayetusaidia, basi. Kaka anarudi saa yoyote anayotaka anaingia kwake, anakuta chakula kwenye hotpoti. Hakuna kuruka ukuta kwa sababu hakuna alichofungiwa. Hakuna mbwa wa kupiga teke kwa sababu mbwa wako upande wa pili. Wiki ya kwanza Jeki alibweka usiku kucha, ya pili akazoea. Na baada ya kama miezi miwili mama akaniambia kwenye simu, unajua saivi nalala. Miaka minne alikuwa halali.

Kaka hakuipenda fensi. Alisema mmenifanya mimi ndo mnyama. Hilo lilinichoma na sikuwa na jibu zuri, nikamwambia tu asubuhi moja, bro, hii ni ya usiku, asubuhi kigeti kiko wazi, njoo unywe chai.

Kuna vitu vidogo vidogo vya kuangalia pia navitaja harakaharaka. Vidonge vya hangova, Panadol, diklofenaki, hivi anavidondosha chini mbwa anaokota, na dawa za maumivu za binadamu zinaharibu figo na tumbo na ini la mbwa, kwaiyo kila asubuhi mtu anafagia pale mlangoni kwake, na vipande vya chupa vilevile. Mifupa ya kuku ya kuchoma anayorudi nayo kwenye mfuko, inapasuka kama sindano, mwambie mtu aiweke kwenye ndoo. Na hela ya chakula cha mbwa usimpe yeye akanunue dagaa, hata akikuomba kwa nia njema kabisa, sio kwamba ni mwongo, ni kwamba ile hela inapita mbele ya klabu kabla ya kufika sokoni.

Na ujifunze kumsoma mbwa. Mbwa anayeogopa si lazima aungurume, anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba pua, anageuza uso pembeni, masikio yanalala nyuma. Ukiona hivo mtu amemwinamia mbwa, mtoe mtu kwa upole, muite aje aone kitu kingine. Usimvute mbwa. Na usimkaripie mbwa akiunguruma, akikatazwa kuunguruma siku nyingine atang'ata bila kutoa taarifa.

Kosa la mwisho la ukoo lilikuwa 2021. Wajomba walikaa kikao wakaamua kumfungia kaka ndani wiki moja akate pombe kwa lazima. Siku ya pili akapata degedege. Tulikimbia naye hospitali tukiwa tunajua tunampoteza. Nesi mmoja akatuketisha kwenye benchi akatuambia mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka hakatishwi ghafla chumbani, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege na hata kufa, anatakiwa aachishwe chini ya daktari kwa dawa. Ndo yeye aliyeniambia mimi na mama kwamba kuna vikundi vya ndugu wa walevi, Al-Anon, vilianza Marekani 1951 kutokana na wake za watu waliokuwa AA, kile kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na wana maneno matatu wanayoambiana, kwamba hukuusababisha ulevi wake, huwezi kuutawala, na huwezi kuuponya. Mama alimwomba arudie. Alikuwa ameshaamini miaka yote ile kwamba ni yeye, kwamba alimdekeza mtoto baada ya baba kufa.

Kaka ameacha mara tatu. Ya kwanza alikaa miezi minne, ya pili wiki sita. Fensi hatukuitoa hata alipokuwa mzima, na yeye hakuomba itolewe. Hii ya tatu saivi ni mwezi wa saba. Yeye ndo analisha mbwa asubuhi, alijiombea mwenyewe, anakuja anafungua kigeti, anaweka bakuli chini na kurudi nyuma hatua tatu, Popi anakula bila kumwangalia. Jeki amezeeka, haoni vizuri.

Mwezi uliopita nilipanda nyumbani. Jioni tumekaa jikoni na mama, giza limeingia, mtori uko mezani, Jeki amelala pale mlangoni kama zamani. Akainua kichwa. Akasimama. Mama akaacha kuongea, mkono ukaenda kwenye sufuria wenyewe bila kufikiri, nikamwona. Tukasikia kikohozi kule chini. Jeki alisimama pale muda mrefu ananusa hewa, halafu akateremka taratibu kwenye fensi, mkia unatikisika. Mama akairudisha sufuria mezani.